Dawa za Shambani, Betri Kuukuu na Ubongo wa Mtoto

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wa afya ya umma na wakazi wa Wadi ya Mata, Kaunti Ndogo ya Taveta. Tumeyafupisha kidogo.

Najua kuna watu hapa ambao zamu yao ya maji iko leo mchana, kwa hivyo sitawaweka sana.

Nimeombwa nizungumze juu ya sumu za mazingira na ubongo. Kwa kawaida tukitaja sumu, mawazo yanaenda kwa mtu aliyekunywa dawa ya wadudu akakimbizwa hospitalini. Hiyo mnaijua, inaonekana kwa macho. Mimi leo nimekuja na ile isiyoonekana. Ni ile sumu kidogo kidogo, leo na kesho, ambayo mtu mzima haihisi kabisa, lakini mtoto aliye tumboni au yule anayetambaa inagusa namna ubongo wake unavyojengwa.

Nianze na ubongo wenyewe. Ndani yake kuna chembe nyingi mno za neva, na chembe hizo hazishikani. Kati ya moja na nyingine kuna mwanya mdogo sana, na ujumbe huvushwa katika mwanya huo na kemikali. Kemikali mojawapo inaitwa asetilikolini. Hiyo ndiyo inayoambia misuli ikaze na mate yatoke, na ndani ya ubongo inasaidia mtu kukumbuka na kuwa makini. Ujumbe ukishafika ni lazima ufutwe ili ujumbe mwingine upate nafasi. Kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni hiyo tu, kufagia. Chembe inasema neno moja, mfagiaji anafagia, inasema neno lingine.

Sasa chukueni dawa za kundi linaloitwa oganofosfati. Humo kuna klorpirifosi, dimethoeti, diazinoni, malathioni. Majina ya dukani ni mengi lakini ukisoma maandishi madogo utayakuta haya. Dawa hizi huua mdudu kwa kumfunga yule mfagiaji mikono. Ujumbe haufutiki, misuli inaambiwa kaza, kaza, kaza, mpaka mdudu anatetemeka na kufa. Tatizo ni kwamba mfagiaji wa mdudu na mfagiaji wako wewe wanafanana sana. Tofauti kubwa kati yako na kiwavi ni ukubwa wa mwili. Na mtoto ni mdogo.

Ndiyo maana mtu aliyepuliza dawa bila kujikinga akarudi nyumbani utamwona anatokwa mate, machozi na jasho, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, tumbo linaendesha, misuli inarukaruka, kifua kimebana. Huyo hajarogwa. Mvue nguo zote, mwoshe mwili na nywele kwa maji mengi na sabuni, na umpeleke hospitali ya Taveta mara moja. Beba lebo ya ile dawa, maana daktari anahitaji kujua ni kundi gani. Usimtapishe. Usimnyweshe maziwa ukidhani yataizima sumu. Yanaweza kumpalia akiwa anazimia. Hospitalini kuna dawa iitwayo atropini, na ikiwahi inaokoa maisha.

Nikisema kemikali za kuua wadudu zinagusa neva, wazee wa Taveta hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Kati ya mwaka 1955 na 1959, nyumba za eneo hili na za upande wa Pare kule Tanganyika zilipulizwa dawa iitwayo dieldrini katika Mpango wa Malaria wa Pare na Taveta. Wataalamu walitoka kwenye taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki kule Amani. Walipuliza kuta, wakapima damu za watu, wakahesabu waliozaliwa na waliokufa. Malaria ilishuka sana na vifo vya watoto wachanga vikapungua. Ni moja kati ya kazi za malaria zilizoandikwa vizuri kabisa katika Afrika, na ilifanyika hapa kwetu.

Lakini dieldrini ilifanyaje kazi? Katika ubongo kuna kemikali za kuongeza mwendo na kuna za kufunga breki. Breki kubwa ya ubongo inaitwa GABA. Dieldrini huziba pale breki inaposhika. Mbu hupatwa na kifafa akafa. Na katika nchi kadhaa zilizotumia dieldrini miaka hiyo, baadhi ya wapulizaji wenyewe walipatwa na degedege. Baadaye ikajulikana pia kwamba dawa hiyo haiozi. Hukaa kwenye udongo na kwenye mafuta ya mwili miaka mingi. Mwaka 2001 iliwekwa katika Mkataba wa Stockholm miongoni mwa kemikali 12 za kwanza ambazo dunia ilikubaliana kuzikomesha au kuzibana.

Sitaki mtu aondoke hapa akisema afisa amedai dieldrini iliwaharibu wazee wetu. Sikusema hivyo. Wengi wako hai kwa sababu ya kazi ile. Ninachosema ni kwamba dawa ya wadudu ni dawa ya neva, hata inapofanya jambo jema, na ndiyo maana hupewa watu waliofunzwa, kwa kipimo, kwa muda. Na kwa kuwa nimeutaja mbu, chandarua chenye dawa kiendelee kutumika kila usiku. Dawa iliyomo ni ya ukoo mwingine, jamaa ya pareto, kiasi chake ni kidogo na kimepimwa. Malaria yenyewe ikipanda kichwani inaharibu ubongo wa mtoto kuliko chandarua chochote.

Turudi shambani. Tangu Tuta absoluta aingie kwenye nyanya zetu, na viwavijeshi vamizi wafuate kwenye mahindi, tunapuliza mara nyingi zaidi. Sisemi acheni. Najua nyanya isiyopulizwa wiki mbili inakuwa nini, na najua karo inalipwa na nini. Swali langu ni nani mwingine yuko karibu na ile pampu.

Kule California, Marekani, kuna bonde la Salinas, bonde la mboga, watu wengi ni vibarua wa mashambani. Kuanzia mwaka 1999 watafiti wa chuo kikuu cha Berkeley waliwafuata akina mama waja wazito mamia kadhaa, wakapima mabaki ya oganofosfati kwenye mkojo wao, kisha wakawafuata watoto walipozaliwa na kukua. Akina mama wale hawakuwa wagonjwa. Hakuna aliyetokwa mate wala kutetemeka. Watoto walipofika miaka 7 walipewa mtihani wa akili. Wale ambao mama zao walikuwa na mabaki mengi zaidi walipata pointi 7 chini ya wale ambao mama zao walikuwa na mabaki machache zaidi.

Pointi 7 kwa mtoto mmoja huwezi kuziona. Anacheza, anasalimia, anachunga mbuzi vizuri. Lakini weka darasa zima chini kwa pointi 7, na walimu wataona wale wa mbele wamepungua na wale wanaohitaji msaada wameongezeka, na hakuna atakayejua ni kwa nini.

Mbona mtoto aumie na mama asiumie? Sababu ni mbili. Ya kwanza, kuna kimeng'enya kwenye damu kinachovunjavunja dawa hizi, na mtoto mchanga anacho kidogo sana kuliko mama yake. Hata watu wazima hatulingani. Kuna aliyezaliwa na jeni inayotengeneza kingi na kuna aliyezaliwa na ile inayotengeneza kidogo. Kwa hivyo yule jirani anayejisifu kwamba amepuliza miaka 20 kifua wazi na hajawahi kuumwa kichwa, huenda anasema kweli. Asikupe ushauri. Mwili wake si wako. Sababu ya pili, kwa mtoto aliye tumboni asetilikolini haibebi ujumbe peke yake. Ni kama fundi msimamizi wa jengo, inaonyesha chembe changa ziende wapi na zishikane na nani. Ukimchanganya fundi wakati msingi unawekwa, huwezi kuja kurekebisha kwa kupaka rangi.

Mwezi Mei 2025 nchi za Mkataba wa Stockholm, na Kenya ni mwanachama, zilikubaliana kuiingiza klorpirifosi kwenye orodha ya kemikali za kukomeshwa, ingawa yaliachwa matumizi machache kwa muda. Sasa ukienda duka la agroveti ukaambiwa hii ni kali, inaua kila kitu, hilo si sifa. Uliza ni kundi gani na uangalie utepe wa rangi kwenye lebo. Mwekundu ndio hatari zaidi, kisha njano, buluu, halafu kijani. Dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda haina utepe wala lebo, na mtoto anaijua chupa ya soda.

Kuna sumu nyingine isiyotoka shambani, na hii nataka tukae nayo, kwa sababu wenzetu wa Pwani wameilipia. Ni madini ya risasi, yale mazito yaliyo ndani ya betri za gari, pikipiki na sola.

Kule Mombasa, Mikindani, kuna kijiji kinaitwa Owino Uhuru, kina wakazi kama 3,000. Ukutani mwake palijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Moshi na vumbi vikaingia nyumbani, maji machafu yakapita kijijini. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa katika ofisi ya kiwanda hicho. Mtoto wake mchanga akaugua, homa na degedege zisizoisha, mpaka walipopima damu wakakuta risasi. Alikuwa akimnyonyesha. Akaacha kazi, akaanza kuhangaika na wanakijiji wenzake, akakamatwa, hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Watafiti wa serikali walipopima watoto wadogo wa Owino Uhuru na wa mtaa mwingine wa Mombasa usiopakana na kiwanda, wastani wa risasi kwenye damu ya wale wa Owino Uhuru ulikuwa mara mbili hivi. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi ikapanda ngazi, Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia ile, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Wanakijiji walisimama kwenye Kifungu cha 42 cha Katiba, haki ya mazingira safi. Kifungu hicho ni chenu pia.

Risasi inafanya nini kichwani? Inajifanya kalisiamu. Mwili unapenda kalisiamu, unaitumia kujenga mifupa na kuendesha neva, na risasi inafanana nayo kiasi kwamba milango inafunguliwa bila kuulizwa. Ikifika kwenye ubongo inaziba mahali ambapo chembe hujifunza, pale kumbukumbu mpya inapofungwa. Mtoto akimeza risasi mwili wake hunyonya mara 4 au 5 zaidi ya mtu mzima. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Na ile isiyotoka inajificha kwenye mifupa kwa miongo. Msichana aliyevuta vumbi la betri akiwa na miaka 8 anaweza kuja kuitoa kwenye mifupa akiwa mjamzito, mwili unapotafuta kalisiamu ya kumjenga mtoto.

Hapa ndipo linakuja jambo la jeni, na wengi huogopa neno hili. Kila mkulima wa hapa anajua mfereji. Shamba ni lile lile, maji ni yale yale, lakini kinachoota kinategemea ni mlango upi umefunguliwa na saa ngapi. Jeni ziko hivyo. Chembe ya ubongo na chembe ya ini ya mtoto mmoja zina jeni zile zile. Tofauti ni zipi zimefunguliwa na zipi zimezibwa. Mwili huziba jeni kwa vibandiko vidogo vya kemikali viitwavyo methili, kama wewe unavyoziba mlango wa mfereji kwa tope na gunia. Vibandiko vingi huwekwa mtoto akiwa tumboni na katika miaka ya kwanza. Risasi haikati jeni. Inawachanganya wale wanaobandika na kubandua.

Kuna utafiti uliotolewa mwaka 2008 huko Marekani. Tumbili wachanga walipewa risasi kwa siku 400 za mwanzo wa maisha, kisha ikaondolewa. Walipofika umri wa miaka 23, tumbili wamekuwa wazee, ubongo wao ulichunguzwa. Jeni zinazohusika na ugonjwa wa Alzheimer, ule wa kusahau uzeeni, zilikuwa zimefunguliwa kupita kiasi, na kimeng'enya cha kubandika methili kilikuwa kimedhoofika. Risasi ilikuja ikaondoka, lakini mlango ulibaki wazi. Mwaka 2015 kukatoka utafiti mwingine wa Detroit, wa mama na watoto 35, uliokuta alama kwenye jeni za watoto zinazoendana na risasi ambayo mama zao walizaliwa nayo, yaani ile ya nyanya. Huo wa pili ni mdogo na siwezi kuujengea nyumba. Nautaja kwa sababu unaonyesha wanasayansi wanatazama wapi sasa.

Lakini tusielewane vibaya. Hii si laana ya ukoo. Vibandiko vingine hubadilika. Mtoto mwenye damu ya kutosha na anayekula vizuri hunyonya risasi kidogo kuliko mwenye upungufu wa madini ya chuma na kalisiamu. Maharagwe, mboga za kijani, maziwa, na samaki wadogo wa kuliwa mzima vinasaidia kweli. Na mtoto mzito darasani asianze kuitwa mwenye sumu. Kuna sababu nyingi, na njia ya kujua ni kupima damu, si kumtazama.

Basi hapa Mata risasi itatoka wapi? Hatuna kiwanda. Tuna betri za sola zilizokufa zikikaa nyuma ya nyumba, na tuna wanunuzi wa vyuma chakavu. Wauzieni ikiwa nzima. Betri ikipasuliwa uani ili mtu apate kilo chache zaidi, lile vumbi la kijivu linabaki pale kuku na watoto wanapocheza, halichakai na halioshwi na mvua. Na kama kuna mvuvi wa Jipe anayeyeyusha risasi ya betri jikoni kupata vizito vya wavu, nitamfuata nyumbani si kumkamata bali kumwomba, maana sufuria ile ile atapikiwa ugali. Hata sufuria zenyewe, zile za kumiminwa kutoka vyuma chakavu, zimewahi kupimwa katika nchi kadhaa, Kenya na Tanzania zikiwemo, na baadhi zilitoa risasi kwenye chakula, hasa kitu chenye uchachu kama nyanya kikichemshwa. Ukiweza, nunua ya kiwandani kwa ajili ya uji wa mtoto.

Kuhusu pampu sasa, nitasema yale ninayoyaona kila wiki. Mama mjamzito anachanganya dawa kwa sababu baba amesafiri. Hapana. Kazi hiyo apewe mtu mwingine hata kama ni kwa malipo, na aingie shambani baada ya siku zilizoandikwa kwenye lebo kupita. Baba anarudi na ovaroli imelowa dawa, mtoto anamkimbilia kumkumbatia. Vua nje, oga, halafu umbebe. Nguo hizo zisifuliwe kwenye beseni la nepi. Nyanya zimepulizwa Jumatatu na Jumatano zinapelekwa soko la Taveta. Siku za kusubiri kabla ya kuvuna zimeandikwa, na mteja naye ana mtoto.

La mtungi nimelisema mpaka nimechoka, lakini nitalisema. Mtungi wa dawa hauoshwi ukawa wa maji, wala wa mafuta, wala wa pombe. Plastiki inakunywa dawa na inairudisha taratibu. Suuza mara tatu, yale maji yamimine ndani ya pampu uyapulize shambani, kisha utoboe mtungi.

Na pampu isioshwe kwenye mfereji. Maji ya mto Lumi yanaishia ziwa Jipe. Anayesuuza pampu huku juu haoni kitu. Maji yanapita safi mbele yake. Huko chini kuna anayechota ya kunywa, kuna anayevua, na ng'ambo ya pili kuna wenzetu wa Tanzania wanaotumia ziwa hilo hilo. Kamati za maji zinagawa zamu kwa haki kabisa, nimewaona. Naomba kamati hizo hizo zikubaliane mahali pa kuoshea pampu, mbali na mfereji, palipo na nyasi, na yeyote atakayekiuka apoteze zamu yake mara moja. Sheria ya kaunti haiwezi kusimama kwenye kila mlango wa mfereji. Ninyi mnasimama hapo kila siku.

Mwenye betri kuukuu ambazo hajui azifanye nini, na mwenye dawa zilizopita muda, asizimwage. Amwone afisa wa afya ya umma wa wadi au mzee wa kijiji. Naona mama pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja sufuria. Tuanze naye.